Shanga Zilizopitia Kwetu: Safari ya Mavazi hadi Kitengela na Kajiado

Treni ya abiria itokayo Mombasa na kusimama katika vituo vya njiani huteremsha watu Athi River, kituo cha mwisho kabla ya Nairobi. Ashukaye hapo huwa ameiacha minazi nyuma kwa saa nyingi. Mbele yake zimetandaa nyanda za Athi na Kaputiei: nyasi fupi, migunga iliyotawanyika, na upepo mkavu usio na chumvi ndani yake. Akipanda matatu kuelekea kusini, muda si mrefu huuvuka mpaka wa Machakos na kuingia kaunti ya Kajiado, na mji unaompokea ni Kitengela.

Ni safari inayomfaa mpangaji mavazi wakati wiki za mitindo zinapokaribia. Mpangaji mavazi si lazima awe fundi wa kushona. Kazi yake ni kuamua nguo ipi ivaliwe na kidani kipi, kitambaa kipi kikae juu ya kipi, na yule avaaye aonekane vipi mbele ya watu. Mwaka 2008 Swahili Fashion Week ilianza Dar es Salaam kwa juhudi za mbunifu Mustafa Hassanali, na mwaka huo huo tamasha la FAFA likaanzishwa Nairobi na Ann McCreath, mwenye nembo ya KikoRomeo. Tangu hapo majukwaa ya Afrika Mashariki yamezidi kudai mavazi yenye asili ya kwetu. Dada zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wamo katika kazi hii, wakipamba mabuibui, madera na magauni ya harusi. Na mara nyingi wakitafuta urembo mpya, macho huelekea Umaasaini. Basi ni vyema tuitazame nchi hiyo kwa makini, maana huko kuna cha kuchukua na kuna cha kulipa.

Kitengela yenyewe haifanani na picha za kuuzia watalii. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi zaidi ya 150,000 mjini humo. Barabara kuu ya kwenda Namanga na Tanzania inaupasua mji katikati. Malori hayakomi, na majumba ya ghorofa yamesimama mahali ambapo zamani palikuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Jirani yake, upande wa Athi River, kuna eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje, lililowezeshwa na sheria ya mwaka 1990. Ndani ya viwanda hivyo maelfu ya wafanyakazi, walio wengi wanawake, wamekuwa wakishona nguo za kupelekwa Marekani, hasa baada ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000 kulifungua soko hilo bila ushuru. Wengi wa washonaji hao wamepanga vyumba Kitengela.

Hilo ni somo la kwanza la safari, nalo lapatikana kabla msafiri hajaona ushanga hata mmoja. Suruali itakayouzwa katika duka la mbali kwa jina la kampuni ya kigeni imepita mikononi mwa mama aamkaye alfajiri Kitengela, akawaandalia watoto chai, kisha akatembea kwa miguu hadi lango la kiwanda. Mwenye kuivaa hatamjua kamwe. Biashara ya mavazi imezoea kuonyesha jina la mwenye nembo na kulificha la mshonaji, na mazoea hayo huanza kuonekana kuwa ni sheria ya maumbile, ilhali ni uamuzi wa watu.

Nje ya mji, mwendo mzuri kuvuka tambarare, kando ya bonde la mto Mbagathi linalopakana na Mbuga ya Nairobi, kuna mahali panapowavuta wasanii wengi. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, aliweka makao yake huko mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanzisha karakana ya vioo ijulikanayo kama Kitengela Glass. Mwanawe Anselm Croze akaendeleza kazi ya kioo cha kupulizwa. Njia moja ya kufika ni kwa miguu juu ya daraja la kuning'inia linaloyumba juu ya korongo. Malighafi yao ni takataka za jiji: vipande vya madirisha na chupa zilizotupwa, vinavyoyeyushwa katika tanuri na kutoka vikiwa bilauri, taa, vigae vya rangi, na shanga. Mpangaji mavazi akikishika kioo hicho juani huelewa jambo ambalo kitabu hakimwambii. Ushanga hauna rangi moja. Ule usiopenyeza mwanga hubaki vile vile asubuhi na jioni. Ule unaopenyeza hubadilika na mwanga ulio nyuma yake. Juu ya kitambaa cheusi, ushanga wa kupenyeza mwanga huzimika, na ule mzito wa rangi kamili huwaka. Kwa mwenye kupamba buibui, tofauti hiyo ni kubwa.

Kutoka Kitengela barabara yashuka kusini kupitia Isinya hadi mji wa Kajiado, ulio kilomita 80 hivi kutoka Nairobi. Jina lake latokana na Olkejuado, yaani mto mrefu kwa Kimaasai. Hapa mpangaji mavazi hupata mafunzo ya rangi bila mwalimu. Udongo una wekundu, nyasi ni za rangi ya shaba wakati wa kiangazi, na mbingu ni pana kupita kiasi. Mtu aliyejifunga shuka nyekundu huonekana angali mbali sana, kabla hujatambua kama ni mzee au kijana. Macho yaliyolelewa katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako rangi huonekana kwa karibu, mlangoni na ukutani, hutambua kwamba mavazi ya nyika yamefanywa kwa ajili ya umbali. Ndiyo sababu vidani vyao ni vipana na michoro yao ni ya mistari mikubwa. Jukwaa la maonyesho nalo hutazamwa kwa mbali. Urembo mdogo mdogo unaopendeza sebuleni hupotea mbele ya mtazamaji aliyeketi safu ya kumi.

Kazi ya shanga kwa Wamaasai ni ya wanawake. Hukaa kivulini, miguu imenyooshwa, shanga zikiwa juu ya kitambaa au ndani ya bakuli, na hutunga kwa sindano, uzi, waya na vipande vya ngozi. Binti hujifunza kwa mama na kwa bibi. Akina mama wakiulizwa juu ya rangi, maelezo yao hukaribiana: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa na usafi, buluu ni mbingu iletayo mvua, kijani ni majani ya malisho, nyeusi ni watu wenyewe na tabu wanazozivumilia, manjano na rangi ya chungwa ni ukarimu kwa mgeni. Lakini maana haikai katika rangi peke yake. Iko katika mpangilio: pande la rangi moja hukatwa kwa rangi inayopingana nayo, ili kazi yote isilale. Tena iko katika mvaaji. Kuna pambo la bibi harusi, kuna la kijana morani, na kuna surutia, mapambo ya shaba iliyoviringwa ambayo ni alama ya mwanamke aliyeolewa.

Sisi wa pwani tusilione hilo kuwa geni. Kwetu kisutu si leso kama leso nyingine. Kina mahali pake katika arusi, na anayekikuta kimetandikwa mezani chini ya sahani za wageni hushtuka, hata kama hasemi. Mpangaji mavazi anayemvika msichana mwali pambo la mke wa mtu kwa sababu tu limelingana na rangi ya gauni anafanya jambo lile lile mbele ya Wamaasai waliomo ukumbini. Kuuliza hakugharimu kitu: hili huvaliwa na nani, huvaliwa lini, na kuna nini kisichofaa kuvaliwa na mgeni?

Kuna jambo jingine ambalo yafaa wasomaji wetu walijue, kwa kuwa ni historia ya mababu zetu. Shanga hizi hazikuzaliwa nyikani. Zilipitia kwetu. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Mombasa, Vanga na Pangani kwenda bara kutafuta pembe, ikiwa imebeba shanga za kioo, nyaya za chuma na za shaba, na majora ya nguo. Shanga zilitoka Venice, na baadaye Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Nguo nyeupe ya pamba ilitoka Marekani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Wamarekani, na ndiyo maana mpaka leo twaiita merikani. Wazee wetu walizijua shanga kwa majina. Ile nyekundu iliitwa samesame.

Waliozichagua hawakuwa wenye viwanda wa Venice wala matajiri wa Forodhani. Mskoti Joseph Thomson alipoondoka Mombasa mwaka 1883 kwenda Umaasaini, ilibidi watu wake wakae Taveta wazitunge shanga upya, maelfu ya nyuzi, kwa urefu ule tu uliokubaliwa huko aendako. Njia hizo Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, alikuwa akizijua zamani, na wafanyabiashara wa aina yake ndio waliojua pia ni rangi gani inayotakiwa na jamii gani. Mwenye kubeba rangi isiyotakiwa alibaki na mzigo wake. Hata iwe nzuri namna gani machoni pake, haikununua pembe wala chakula. Kwa hiyo uamuzi wa wanawake wa nyikani, kwamba msimu huu twataka hii na ile hatuitaki, ulirudi kwa miguu hadi pwani, ukavuka bahari kwa jahazi na meli, ukafika kwa mwenye tanuri Ulaya naye akaufuata. Basi anayekwenda Kajiado kutafuta mtindo hafiki mahali palipolala usingizi tangu dunia iumbwe. Anafika kwa wapangaji mavazi wenzake, waliotangulia katika kazi hiyo kwa vizazi kadhaa. Hata vazi lao limebadilika: ngozi za ndama na kondoo ziliipisha pamba katika karne iliyopita, shuka ikatamalaki, na leo utawaona wanawake wa Kajiado wamejifunga leso begani, leso ambayo biashara yake ilikulia pwani yetu.

Kwa kuwa ni kazi yao, ina wenyewe. Ulimwengu wa mitindo umekawia kulikubali neno hilo. Katika mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton kwa msimu wa kiangazi wa mwaka 2012, mbunifu Kim Jones, aliyeishi Kenya utotoni, alitumia vitambaa vilivyofuata shuka za Kimaasai. Wamaasai walipounda jumuiya ya kutetea haki zao za ubunifu, akiiongoza Isaac ole Tialolo, hoja yao ilikuwa nyepesi: atakaye kulitumia jina letu na sura yetu kwa biashara na aje tuzungumze, tukubaliane, alipe. Kampuni ya Uingereza iitwayo Koy Clothing ilikubali kulipa, ikaonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, ililitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii ikadai idhini ya wenyewe na mgawo wa haki.

Sisi nasi tulionja uchungu huo. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Lau ombi hilo lingepita, mfumaji wa kikoi angejikuta hana ruhusa ya kuuza kikoi Uingereza kwa jina alilopewa na bibi yake. Watu walipinga, na ombi likaanguka. Aliyekasirika siku ile kwa ajili ya kikoi hana budi kuwa mwadilifu kwa ajili ya ushanga.

Na uadilifu huo una uzito kuliko heshima ya jina. Mali ya Mmaasai ni ng'ombe, na ukame uliodumu tangu mwaka 2020 hadi 2022 uliwaua mifugo wengi Kajiado. Zizi likibaki tupu, kidani alichotunga mama ndicho kinachonunua unga na kulipa karo. Kidani kipana cha bibi harusi hakimalizwi kwa siku moja, kama ambavyo kofia ya kushonwa kwa mkono haimalizwi kwa wiki moja, na kila mwanamke wa pwani aliyewahi kushona kofia anajua uchungu wa kusikia mteja akisema, "Punguza, mama, ni uzi tu huu." Mpangaji mavazi anayepigania shilingi mia kivulini Kajiado, kisha akaikodisha nguo ile kwa maelfu mjini, hajafanya ubunifu. Amefanya kazi ya dalali.

Katika kupanga mavazi kuna haki nyingine, nayo ni ya yule avaaye. Halima Aden alizaliwa kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1997, akakulia Marekani, na kuanzia mwaka 2017 akapanda majukwaa makubwa ya dunia akiwa na ushungi wake. Mwezi wa Novemba 2020 alitangaza kuiacha kazi hiyo. Alieleza kwamba kidogo kidogo waliompamba walikuwa wamemwondoa katika ushungi alioujua, hata kichwa kikafunikwa kwa jinzi. Waliofanya hivyo huenda waliona ni ubunifu. Yeye aliona anapoteza kitu chake. Funzo kwa dada zetu walio katika kazi hii ni kwamba stara ya anayevaa si nafasi tupu ya kujazwa. Ni mpaka, na fundi mwema huonekana kwa namna anavyofanya kazi ndani ya mpaka.

Kwa bahati njema, urembo wa Kajiado unakaa vyema na vazi la stara. Kidani kipana kikivaliwa juu ya buibui hufunika kifua na kulipa vazi uso wake. Vipuli havionekani chini ya ushungi, basi urembo wake waweza kuhamishiwa kwenye mshipi, kwenye mikono ya nguo au kwenye mkoba. Lakini shanga za kioo ni nzito. Zikishonwa moja kwa moja juu ya shifoni au krepu nyepesi, kitambaa huvutwa, bega huteremka, na upindo hupinda. Ni bora zitungwe juu ya ngozi au kitambaa kigumu, ziwe ukosi au mshipi wa kufunga na kufungua, ili nguo iweze kufuliwa bila ya urembo wake. Uzi mwekundu ujaribiwe kwanza kwa maji, usije ukachuja juu ya kitambaa cheupe. Urembo wa upindoni uwe mfupi, maana mvaaji atapanda ngazi. Na nguo iwekwe tayari na kutembelewa angalau mara moja nyumbani, mbele ya mama na dada, kabla ya kuonwa na wageni.

Anayetaka kwenda huko kwa ajili ya maonyesho ya msimu ujao na aende mapema, kwa sababu watungaji wana mifugo, watoto na mvua za kuzingatia, wala hawaishi kwa kalenda ya jukwaa. Abebe kipande cha kitambaa chake ili rangi zichaguliwe pamoja, na awaulize wenyeji wangekipanga vipi wao. Mara nyingi jibu lao litakuwa bora kuliko mchoro aliokwenda nao. Atoe arabuni. Waandikiane idadi, bei na siku, nakala moja ibaki kwa watungaji. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Na siku ya maonyesho, katika karatasi inayotaja jina la mbunifu na la mpangaji mavazi, kiandikwe pia kikundi cha wanawake waliotunga shanga na mahali walipo: Isinya, Bissil, Namanga, popote pale walipo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Iliyonunuliwa kwa haki, kwa bei iliyoridhiwa na kwa jina la aliyeitengeneza, haiwi ya kuazima tena, na dada yetu ataivaa mbele ya Mmaasai yeyote bila ya kuinamisha macho.